Kwanza Uliza Hewa Ina Uzito Gani

Kuna aina ya makala zinazozunguka sana mitandaoni kuhusu sayari za mbali: huku mvua ni ya almasi, kule ni ya vioo, kwingine ni ya chuma kilichoyeyuka, na upepo unapita kasi ya risasi ya bunduki. Huwa nazisoma zote, sikatai. Lakini kila nikimaliza moja nabaki na swali lilelile. Mwandishi amekimbilia nyuzi joto, amekimbilia kasi ya upepo, kisha ameliacha jambo ambalo bila hilo tarakimu hizo mbili haziniambii kitu. Hajasema hewa ya huko ina uzito gani.

Hapa duniani, kwenye usawa wa bahari, hewa iliyosimama juu ya kila sentimita moja ya mraba ina uzito wa karibu kilo moja; kubanwa na uzito huo ndiko kunakoitwa mgandamizo wa hewa. Tumezaliwa chini yake na tumekulia chini yake, ndiyo maana hatuihisi. Mtu akisema upepo wa kilomita 100 kwa saa, akili inachora papo hapo mabati yakiruka na miti ikilala. Picha hiyo ni ya hewa ya hapa. Ukiibeba hadi Mirihi au Zuhura itakudanganya mchana kweupe.

Tufanye hesabu kidogo, wala si ngumu. Nguvu ya upepo kukusukuma inategemea uzito wa hewa iliyomo katika kila mita ya ujazo, na inategemea kasi, ambayo huzidishwa kwa yenyewe. Mita moja ya ujazo ya hewa yetu ina kilo 1.2 hivi. Ya Mirihi ina gramu kama 20 tu. Ya Zuhura, pale chini kabisa, inakaribia kilo 65. Basi upepo wa kilomita 100 kwa saa ukivuma Mirihi, utakusukuma sawasawa na upepo wetu wa kilomita 13, ule unaotikisa majani na kuishia hapo. Na Zuhura? Upepo wa mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, utakusukuma kama upepo wetu wa kilomita 26. Kwa maneno mengine, upepo mvivu wa Zuhura una nguvu zaidi ya mara nne ya tufani ya Mirihi.

Na huo upepo mvivu umepimwa kweli. Vyombo viwili vya Kisovieti, Venera 9 na Venera 10, vilitua Zuhura Oktoba 1975 vikiwa na vipima upepo. Vilipata kasi ya kuanzia nusu mita hivi hadi mita moja na ushei kwa sekunde. Kilomita sabini hivi juu ya vichwa vyao, kwenye kilele cha mawingu, hewa ileile ilikuwa inakwenda kilomita 360 kwa saa na kuizunguka sayari nzima kwa siku nne. Tarakimu ya pili ndiyo inayopendwa na waandishi. Mimi naogopa zaidi ya kwanza.

Wasovieti wenyewe waliujua uzito huo kwa gharama. Venera 4 iliingia katika angahewa ya Zuhura Oktoba 1967, ikashuka kwa parachuti huku ikituma vipimo, kisha ikanyamaza. Mwanzoni ilitangazwa kwamba imefika chini. Kumbe ilikuwa bado iko juu kama kilomita 25, na joto na mgandamizo vilikuwa vimekwishaimaliza. Chombo cha kufika chini kikiwa hai kilibidi kijengwe kama nyambizi. Venera 7 ilitengenezwa kwa titaniamu, ikatua tarehe 15 Desemba 1970 baada ya parachuti yake kuleta matatizo na kuifanya ianguke kwa kishindo. Ilidhaniwa imekufa palepale. Wataalamu waliporudia kusikiliza kanda walizorekodi, wakakuta mawimbi dhaifu mno, dakika 23 zake, yakirudia kipimo kimoja tu: joto. Kutokana na joto hilo ndipo mgandamizo ulipokokotolewa.

Jibu lilikuwa karibu mara 90 ya mgandamizo wetu. Ni sawa na kusimama mita 900 chini ya bahari, ila bahari yenyewe ni kaboni dayoksaidi iliyopata joto la nyuzi 465 za Selsiasi. Kwa joto na mgandamizo wa namna hiyo, kaboni dayoksaidi haiwi tena gesi ya kawaida, wala si kimiminika. Inajaza nafasi yote kama gesi, lakini ina uzito unaoanza kukumbusha maji. Ukitembea ndani yake (tuseme una vazi linaloweza kustahimili, na halipo) ungelazimika kuipasua kwa kifua. Madini ya risasi yangeyeyuka miguuni pako, zinki pia.

Hapo ndipo kisa cha mvua ya asidi kinapoharibika. Ni kweli mawingu ya Zuhura ni ya asidi ya salfa, na ni kweli matone yanaanguka kutoka humo. Lakini chini ya mawingu joto linapanda haraka, matone yanakauka hewani, na hakuna hata moja linalogusa ardhi. Ardhi ya Zuhura ni kavu kabisa. Venera 13 ilipotua tarehe 1 Machi 1982 ilipiga picha za mawe bapa yaliyopasukapasuka chini ya mwanga wa rangi ya chungwa, pakavu, bila dalili ya kulowa. Iliundwa idumu dakika 32, ikadumu 127. Kwa Zuhura hiyo ni umri wa uzee.

Uzito huohuo wa hewa ndio unaoeleza kwa nini usiku wa Zuhura hausaidii kitu. Kutoka machweo hadi macheo kunapita takriban siku 58 zetu. Ungetarajia ardhi ipoe. Haipoi, au inapoa kwa kiasi cha kupuuzwa, kwa sababu blanketi la hewa ni zito mno na linasambaza joto pande zote. Zebaki, iliyo karibu na jua kwa nusu ya umbali wa Zuhura, haina angahewa ya kutajika, na mchana wake wa nyuzi 430 hugeuka usiku wa nyuzi 180 chini ya sifuri. Ndiyo maana pia kuna barafu ya maji kwenye mashimo ya ncha za Zebaki ambako jua halifiki kamwe. Rada zilianza kuishuku mwaka 1991, na chombo MESSENGER kikatoa ushahidi mzito mwaka 2012. Hakuna hewa ya kupeleka joto kutoka juani hadi kivulini, basi kivuli kinabaki na ubaridi wake milele. Zaidi ya hapo Zebaki haina hali ya hewa, na sioni la kuongeza.

Kabla sijaiacha Zuhura: si yote ni tanuri. Ukipanda kilomita 54 hivi juu, mgandamizo unashuka hadi nusu ya wetu na joto linakuwa nyuzi thelathini na kitu. Mwaka 1985 misheni za Vega zilidondosha maputo mawili ya heliamu kwenye kimo hicho. Yalielea kwa karibu siku mbili, yakasukumwa na upepo zaidi ya kilomita 11,000. Nikiambiwa nichague mahali pa kukaa nje ya dunia kwa kipimo cha mgandamizo na joto peke yake, ningechagua hapo, mradi asidi isiniguse na niwe na cha kunishika nisianguke.

Mirihi ni kinyume chake, na ndiyo sayari ninayoifuatilia kwa ukaribu zaidi. Gari la utafiti la Curiosity lipo kwenye kreta ya Gale tangu Agosti 2012, na juu ya mlingoti wake kuna kituo cha hali ya hewa kilichotengenezwa Hispania. Vipimo vyake hutolewa hadharani, nami nina mazoea ya kuvichungulia kama wengine wanavyochungulia matokeo ya mpira. Joto la mchana, joto la usiku, sawa. Lakini macho yangu huenda kwenye mstari wa mgandamizo. Mgandamizo wote ni chini ya asilimia moja ya wetu, tena haukai mahali pamoja. Katika mwaka wa Mirihi, ambao ni siku 687 zetu, unapanda na kushuka kati ya paskali 700 na ushei na zaidi ya 900.

Tafakari maana yake. Hapa kwetu mgandamizo ukishuka kwa asilimia kumi, uko katikati ya kimbunga kikubwa. Kule unapungua kwa robo hivi, kwa utaratibu kabisa, kwa sababu hewa yenyewe inaganda. Majira ya baridi yanapoingia kwenye ncha ya kusini, baridi inafikia kiwango cha kugandisha kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo karibu hewa yote ya Mirihi, na hewa inashuka ardhini kuwa theluji na barafu kavu. Sayari nzima inahisi upungufu huo, hata Gale iliyo karibu na ikweta. Jua likirudi, barafu inageuka gesi moja kwa moja na hewa inarejea. Halafu ncha ya kaskazini nayo inachukua zamu yake, kwa kiasi kidogo zaidi.

Jambo hili lilimgusa rubani mmoja asiye na mwili. Helikopta ndogo ya Ingenuity, kilo 1.8, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021 kwa sekunde 39. Ili ijinyanyue katika hewa ile nyepesi ilibidi panga zake, zenye upana wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, zizunguke zaidi ya mara 2,400 kwa dakika. Ilipofika Oktoba hewa ya eneo lake ilikuwa imepungua kwa majira, na wahandisi wakalazimika kujaribu mizunguko 2,700. Helikopta iliyopangiwa kuruka mara tano iliruka mara 72 hadi Januari 2024. Si haba kwa kifaa kilichokuwa kinapigania kila gramu ya hewa.

Wepesi huo ndio unaonyima Mirihi mito. Maji huchemka kwa joto la chini kadiri mgandamizo unavyopungua, na kwa wastani wa mgandamizo wa Mirihi kiwango cha kuchemka kinakutana na kiwango cha kuganda, pale kwenye sifuri. Ukimwaga maji mchana wa kiangazi kwenye ikweta, ambako ardhi inaweza kufika nyuzi 20, yatachemka na kuganda kwa pamoja. Mate yako mwenyewe yangechemka mdomoni. Kwenye bonde la Hellas, lenye kina cha kilomita saba hivi, hewa ni nzito kidogo na maji safi yangeweza kubaki kimiminika katika nyuzi chache juu ya sifuri, lakini huko nako baridi haikosi.

Na huo mchana wa nyuzi 20 ni wa nyayo tu. Hewa nyepesi haibebi joto vizuri, kwa hiyo ukisimama wima miguu iko kwenye hali ya wastani na kichwa kiko karibu na kuganda. Sauti nazo huchakaa. Vipaza sauti vya gari la Perseverance vimeonyesha kwamba sauti nyembamba inasafiri mita kama 250 kwa sekunde, na nzito mita 240. Hapa zote huenda pamoja, mita 340. Kule ngoma ya mbali ingefika imechelewa nyuma ya filimbi, kama filimbi ingesikika kabisa, maana hewa ile humeza sauti nyembamba upesi.

Tufani za vumbi basi. Zinatisha, ila si kwa namna zinavyochorwa. Haziangushi kitu. Chombo cha Marekani, Mariner 9, kilipofika Novemba 1971 kilikuta sayari nzima imefunikwa, vilele vya volkeno kubwa tu vikichungulia, ikabidi kisubiri kupiga picha. Mars 3 ya Wasovieti haikuweza kusubiri: ilitua Desemba 2 mwaka huohuo katikati ya vumbi na ikanyamaza kabla dakika mbili hazijaisha. Mwaka 2018 gari la Opportunity, lililotua Januari 2004 kwa kazi ya siku 90, lilituma ujumbe wake wa mwisho tarehe 10 Juni. Halikupigwa na upepo. Vumbi laini lilizima jua, na paneli zake zikakosa umeme. Ajabu ni kwamba hewa hiyohiyo iliwahi kuokoa: pacha wake, Spirit, alisafishiwa paneli na visulisuli mwaka 2005 na kupata nguvu mpya. Chombo InSight hakikupata bahati hiyo, kikafunikwa taratibu hadi mawasiliano yakakatika Desemba 2022.

Mirihi hupoteza robo ya hewa yake kwa msimu. Io, mwezi wa Mshtarii wenye volkeno nyingi kuliko mahali pengine popote panapojulikana, hupoteza sehemu kubwa ya hewa yake kwa muda wa saa mbili hivi. Hewa yake hafifu ni dayoksaidi ya salfa. Kila mara Io inapopita katika kivuli cha Mshtarii, ardhi inapoa kutoka nyuzi 148 hadi 168 chini ya sifuri, hewa inaanguka na kuwa jalidi, na ikitoka kivulini inafuka tena. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulilishuhudia kwa darubini. Io huizunguka Mshtarii kwa chini ya siku mbili, kwa hiyo anga linaporomoka na kuinuka karibu kila kukicha. Hiyo kwangu inaishinda mvua ya almasi.

Kisha kuna Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Hapa natamani kukaa kidogo. Baridi yake ni nyuzi 179 chini ya sifuri, na watu wengi wakisikia hivyo wanaufunga ukurasa. Lakini mgandamizo wake ni mara moja na nusu ya wetu. Hakuna mahali pengine panapojulikana, penye ardhi ya kukanyaga, ambapo mwili wa binadamu ungekuta mgandamizo unaoufaa. Ungehitaji nguo za joto za kupindukia na hewa ya kupumua, lakini si vazi la kujazwa upepo. Na kwa kuwa hewa hiyo ya nitrojeni ni baridi, imeshonana: mita moja ya ujazo ina uzito zaidi ya mara nne ya hewa yetu, wakati mvutano wa Titan ni moja ya saba ya wetu. Mtu mwenye misuli ya kawaida akijifunga mabawa angeweza kuruka.

Mvua ya Titan ni methani. Matone yanaweza kukua hadi sentimita moja, makubwa kuliko yetu, na yanashuka mita 1.6 kwa sekunde, yaani unaweza kulitazama tone moja likija na ukalikwepa bila kukimbia. Methani hiyo huchonga mito na kujaza bahari. Kraken Mare, iliyo kubwa kuliko zote, ina eneo linaloizidi Bahari ya Kaspi. Huygens, chombo cha Ulaya, ilipotua tarehe 14 Januari 2005, baada ya kushuka kwa parachuti kwa takriban saa mbili na nusu, ilipiga picha ya kokoto za mviringo kama za mtoni. Kokoto hizo ni barafu ya maji, ngumu kama jiwe kwa baridi ile. NASA inaandaa Dragonfly, chombo cha kuruka chenye rota nane, kiende huko; kurushwa kumepangwa mwaka 2028 na kufika 2034. Ingenuity ilikuwa na uzito wa kilo mbili kasoro. Dragonfly ina ukubwa wa gari dogo, na haitahangaika kupaa.

Sayari kubwa za gesi nazipita haraka, kwa sababu neno "uso" linakosa pa kukaa. Ukisoma kwamba Mshtarii ina nyuzi 108 chini ya sifuri, jua kwamba hapo ni mahali ambapo mgandamizo unalingana na wa hapa kwetu, na wanasayansi wameamua paitwe sifuri ya kimo. Hakuna sakafu. Chombo kidogo kilichopelekwa na chombo kikubwa kiitwacho Galileo kiliingia tarehe 7 Desemba 1995 kwa kilomita 47 kwa sekunde, kikatuma vipimo kwa dakika 58, na kilipokata kauli mgandamizo ulikuwa mara 22 hivi na joto limepita nyuzi 150. Kilikuwa bado kwenye ngozi ya nje tu. Vivyo hivyo upepo wa Neptuni wa zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, mkali kuliko wote katika mfumo wa jua ingawa jua lake ni hafifu kuliko letu kama mara 900: hakuna milima ya kuusugua. Almasi zake, kama zipo, huundwa maelfu ya kilomita ndani. Maabara moja ya Marekani ilitengeneza chembe za almasi mwaka 2017 kwa kugonga plastiki kwa leza kali, na hicho ndicho tunachokijua kwa mikono yetu. Kuiita mvua ni kupiga chuku kidogo.

Nje ya mfumo wetu chuku huzidi. Mvua ya vioo ya HD 189733 b, sayari iliyo umbali wa miaka ya nuru 64, ni tafsiri inayotokana na rangi ya mwanga na kasi ya upepo. Ni tafsiri nzuri, ila hakuna aliyeliona tone. Kazi inayonivutia mimi ni ile kavu zaidi ya darubini ya James Webb kwenye TRAPPIST-1, nyota hafifu yenye sayari saba za mawe, umbali wa miaka ya nuru 40. Swali la kwanza waliloliuliza huko halikuwa maji wala uhai. Waliuliza kama kuna hewa. Walipima joto la upande wa mchana: kama hewa ipo, joto husambaa hadi upande wa usiku na mchana unakuwa na afueni, kama haipo, mwamba unaungua peke yake. Machi 2023 ilitolewa taarifa ya sayari ya ndani kabisa, b: nyuzi 230 hivi, inaelekea ni mwamba mtupu. Miezi michache baadaye ikafuata c, ambayo ina karibu nyuzi 110. Hewa nzito ya aina ya Zuhura haipo huko. Sasa Webb inaitazama e, ya nne kutoka kwenye nyota, iliyo katika umbali ambapo maji yangeweza kubaki maji, endapo juu yake kuna hewa ya kuyashikilia.